Nina Miaka 19, na Tajiri Asema Mshahara Hufuata Umri

Ami, salaam aleikum.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, kwa sababu nyumbani nimekatazwa hata kulitaja jambo lenyewe. Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Bakarani, Mombasa, na mamangu na ndugu zangu wawili. Babangu alifariki 2022. Tangu Januari 2025 nafanya kazi Nyali, kwenye jengo la fleti za kukodisha wageni kwa usiku au kwa wiki. Nafagia, napiga deki, nabadilisha mashuka, naosha vyoo na ngazi, na mgeni akitaka maji ya chupa au chapati, natumwa mimi. Naingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, siku sita. Mchana tuna nusu saa ya kula.

Nalipwa shilingi 9,000 kwa mwezi, kwa M-Pesa. Mwenzangu ni dada wa miaka 34. Tumegawana jengo: yeye ghorofa ya kwanza na ya pili, mimi ya tatu na ya nne. Kazi ni ileile, na ngazi zangu ni nyingi kuliko zake. Mwezi uliopita simu yake ilikuwa kwenye chaji jikoni, ujumbe ukaingia nami niko hapo. Nikaona 16,500. Wallahi sikukusudia kuchungulia.

Nilimwuliza tajiri kwa adabu, peke yetu, nikamwambia nataka tu kufahamu. Hakukasirika. Yeye alikaa Uingereza zaidi ya miaka ishirini ndipo akarudi kujenga. Akatoa simu akanionyesha jedwali: miaka 21 kwenda juu ni 12.21, miaka 18 hadi 20 ni 10.00, chini ya 18 ni 7.55. Akaniambia, "Unaona, mwanangu? Mshahara hufuata umri, ndiyo sheria. Ukifika 21 nitakuongeza." Akanikumbusha pia karatasi niliyotia sahihi nilipoanza, inayosema nimekubali 9,000 na sina dai jingine.

Ningenyamaza, lakini si mimi peke yangu. Mdogo wangu ana miaka 15, amemaliza Gredi ya 9 na anasubiri kuingia Gredi ya 10 Januari. Tangu shule zifungwe anakuja nami Nyali. Kwanza aliambiwa atamwagilia maua. Sasa anapandisha mitungi ya gesi na madebe ya maji hadi juu, na usiku mwingine anaachwa na bawabu "amchangamshe mzee asilale". Anapewa 200 kwa siku, ya soda. Na huyo bawabu ana miaka 62, analinda kila usiku kuanzia saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, hana hata Ijumaa. Analipwa 8,000. Alipouliza akaambiwa umri wa kustaafu umempita, kwa hivyo hiyo ni kama sadaka.

Tatizo langu kubwa ni mama. Tajiri alikuwa rafiki ya babangu tangu utoto wao Mji wa Kale. Mazishini alisimama nasi, na akamlipia mdogo wangu karo ya muhula mmoja. Mama asema fadhila za punda ni mateke, na kwamba nikidai nitamtoa uso asiweze tena kukaa harusini wala matangani na watu.

Ami, ni kweli sheria iko hivyo? Karatasi niliyotia sahihi yanifunga? Na nikidai nikafukuzwa, nyumbani tutakula nini?

Binti wa Bakarani

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nianze kwa kumpa tajiri wako haki yake: jedwali alilokuonyesha si la kubuni. Ni la kweli, tarakimu kwa tarakimu. Ila lina kasoro moja ambayo hukuiona kwa sababu hukuwa na sababu ya kuitafuta, nayo ni kwamba zile ni pauni, tena kwa saa. Ni kima cha chini cha mshahara cha Uingereza kilichoanza Aprili 2025. Ungemwambia akulipe hiyo 10.00 kama ilivyoandikwa, kwa saa zako zote, ungeona simu inavyorudi mfukoni upesi.

Huko kwao, maana naona bado ni kwao, sheria ya kima cha chini ilipitishwa 1998 na kuanza kutumika Aprili 1999, na tangu siku ya kwanza iliwapanga watu kwa umri. Mwanzoni kiwango kamili kilianzia miaka 22. Ilipofika 2016 wakaweka kiwango cha juu zaidi kwa wenye miaka 25 na kuendelea, wakashusha mlango hadi 23 mwaka 2021, kisha 21 mwaka 2024. Hoja yao ilikuwa kwamba kijana akiwa ghali kama mtu mzima, hakuna atakayemwajiri ajifunze kazi. Wengine huko huko wamepinga hoja hiyo miaka yote, wakisema mkate hauuzwi kwa bei ya umri, na serikali iliyoingia 2024 iliahidi kuifuta tofauti hiyo kwa watu wazima. Ni mjadala wao, na wana haki nao. Sisi tuna sheria zetu.

Lakini ngoja kidogo, maana hapa hesabu ina utamu wake. Kwa jedwali lake mwenyewe, kijana wa miaka 19 hupata 10.00 pale mtu mzima anapopata 12.21, yaani kama asilimia 82. Wewe unapata 9,000 pale mwenzako anapopata 16,500. Hiyo haifiki hata asilimia 55. Kwa hivyo tajiri hakufuata sheria ya Kenya, na ya Uingereza pia hakuifuata. Alichukua wazo la umri akaacha hesabu.

Sasa turudi Nyali.

Kenya ina kima cha chini cha mshahara, na hakiwekwi na mwajiri wala na mila. Waziri wa Leba hutoa amri chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007, na amri hiyo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Rais hutangaza nyongeza Mei Mosi mbele ya watu na kofia za vyama zikapeperushwa, lakini kinachomfunga mwajiri ni kile kilichochapishwa. Nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Mei 2024, kwa mfano, ilianza kutumika 1 Novemba 2024, na wewe uliajiriwa miezi miwili baadaye. Inakuhusu moja kwa moja.

Ukilifungua jedwali la amri hiyo utaona mambo mawili tu: unafanya kazi gani, na unaifanyia wapi. Kushoto zimepangwa kazi, kutoka kibarua wa kawaida, mfagizi, mtunza bustani, yaya na tarishi, kwenda juu hadi mafundi na madereva wa magari makubwa. Kulia kuna safu za mahali: miji mikuu, Mombasa ikiwemo, ina safu yake, halafu miji midogo, halafu kwingineko kote. Safu ya umri kwa mtu mzima haipo. Una miaka 19, una kitambulisho, wapiga kura, waweza kushtakiwa kama mtu mzima na kulipwa kama mtu mzima.

Kwa amri hiyo ya Novemba 2024, kima cha mfagizi kwa Mombasa ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Mfagizi huyohuyo akiwa kijijini mbali na miji, ni 8,596.49. Nikiitazama ile 9,000 yako nashuku tajiri, au aliyemshauri, aliiona safu ya mwisho akajiambia amezidisha. Nyali si kijijini. Kodi anayowatoza wageni wake ni ya Nyali, basi na mshahara uwe wa Nyali.

Na hiyo 16,113.75 si mwisho wa hesabu, na hapa ndipo wafanyakazi wengi wa mji huu hupunjwa bila kujua. Ni mshahara wa msingi bila nyumba. Mwajiri asipokupa mahali pa kulala, anapaswa kukuongezea marupurupu ya nyumba ya asilimia 15 ya kima hicho. Wewe unalala Bakarani kwa kodi ya mamako. Asilimia 15 ni 2,417.06, jumla inakuwa 18,530.81 kabla ya makato ya serikali. Nilipokuwa mwakilishi wa wafanyakazi kule Kilindini, wazee waliotutangulia hawakuchoka kutukumbusha kwamba kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa manung'uniko ya migomo ya Mombasa ya 1939 na 1947, kabla hata baba zenu hawajazaliwa. Kwa hivyo mtu akikwambia pesa ya nyumba ni hisani ya siku hizi, mcheke kwa ndani.

Umeiona ile 18,530.81? Sasa mtazame mwenzako mwenye 16,500. Uliandika barua ukimwona yeye ndiye aliyepata haki. Naye amepunguziwa zaidi ya elfu mbili kila mwezi, labda kwa miaka, na pengine anaona ana bahati kwa sababu wewe upo chini yake. Nakuomba usimwonee wivu, na wala usimfiche kwamba uliuona ujumbe. Mwambie, mwoneshe hesabu. Mkienda wawili mtasikizwa kuliko ukienda mmoja.

Nisije nikaeleweka vibaya: mwajiri anaruhusiwa kumlipa mtu zaidi kwa uzoefu, kwa cheti au kwa miaka aliyokaa kazini. Dada huyo akilipwa 22,000 nawe 18,531 kwa kuwa yeye ameshika kazi hiyo miaka kumi, sina neno. Lakini hiyo ni tofauti inayopanda kutoka sakafuni. Chini ya sakafu hakuna ruhusa ya mtu. Na kama sababu yenyewe ni umri mtupu, Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 27 imeutaja umri waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, na Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya thamani sawa ilipwe sawa.

Karatasi uliyotia sahihi haikufungi. Sheria ya Ajira inasema masharti yake ni ya chini kabisa, na makubaliano yoyote ya kuyapunguza ni batili. Sheria ya Taasisi za Kazi nayo inasema mkataba ukiwa na mshahara ulio chini ya amri, mshahara wa amri ndio unaoingia mahali pake. Yaani hata ungetia sahihi mara kumi kwa wino wa dhahabu, ile 9,000 ingesomwa 18,530.81. Tena nakwambia itunze karatasi hiyo kama macho yako. Tajiri anadhani ni ngao yake, kumbe ni ushahidi ulioandikwa na yeye mwenyewe kwamba alikuajiri, tangu lini, na kwa kiasi gani. Kama huna nakala, ipige picha siku utakayoiona.

Huenda ukiuliza tena utabadilishiwa wimbo. Utaambiwa wewe ni kibarua tu. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima hahesabiki tena kuwa wa siku, na mtu anayelipwa kwa mwezi hakuwa kibarua tangu hapo. Au utaambiwa uko mafunzoni. Uanagenzi wa kisheria una mkataba wa maandishi ulioandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na una kitu unachofundishwa. Kupiga deki miezi kumi na mmoja si kozi.

Tuhesabu basi. 18,530.81 ukitoa 9,000 ni 9,530.81 kwa mwezi. Januari hadi Novemba 2025 ni miezi 11, jumla 104,838.91. Laki moja na zaidi, mwanangu. Na hapo sijagusa saa zako. Saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukitoa nusu saa ya chakula, ni saa tisa na nusu, mara siku sita ni saa 57 kwa wiki. Amri ya jumla inataka 52. Hizo tano za juu hulipwa mara moja na nusu, na ukiitwa kazini siku yako ya mapumziko au sikukuu ya taifa, mara mbili. Kumbuka kama ulifanya kazi Madaraka na Mashujaa. Na una siku 21 za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12, ambayo kwako inakaribia kutimia.

Kuhusu mdogo wako nina ukali kidogo, na sehemu yake unaipata wewe na mamako pia. Swali la kwanza kwa mtoto wa miaka 15 si analipwa ngapi. Sheria inakataza kabisa kumwajiri mtoto chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru mwili wala kumharibia masomo. Kumwagilia maua wakati wa likizo, saa mbili tatu mchana, ni kazi nyepesi. Mtungi wa gesi hadi ghorofa ya nne si kazi nyepesi hata kwangu mimi mwenye kifua cha bandarini. Na kumweka mtoto langoni usiku ili mzee asilale, hilo sitaki hata kulijadili. Mwizi akija, tajiri yuko kitandani kwake na mtoto ndiye yuko langoni. Siku alizofanya alipwe, kwa sababu kazi iliyofanywa hulipwa, na 200 si malipo ya siku ya kupandisha mitungi. Lakini kwanza atoke. Kosa hili ni la mwajiri mbele ya sheria, si la mtoto, kwa hivyo usiogope kwamba ukilitaja utamtia mdogo wako matatani.

Bawabu naye umenigusa, kwa sababu na mimi nimeuvuka huo umri. Neno sadaka limetumika vibaya. Sadaka humfuata mtu nyumbani kwake amelala, haimtaki akae macho saa kumi na mbili na rungu mkononi. Miaka 60 ni umri wa kustaafu katika utumishi wa umma. Haina maana kwamba mtu akiuvuka huku bado anafanya kazi, kazi yake inashuka bei. Na kwenye jedwali lile nililokueleza, mlinzi wa usiku amewekwa juu ya mfagizi. Yaani huyo mzee wa 8,000 ndiye aliyestahili kuwazidi nyote wawili. Juu ya hayo, saa 12 mara usiku saba ni saa 84, wakati amri inaweka 60 kwa wiki kwa kazi ya usiku, na sheria inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Aichague Ijumaa akipenda.

Sasa mamako.

Najua uzito wake. Mji huu ni mdogo, na mtu aliyesimama nawe kwenye jeneza la mumeo humsahau vipi? Mamako hasemi upuuzi. Anaogopa kitu cha kweli. Lakini mwulize kwa upole hesabu hii: tajiri alilipa karo ya muhula mmoja, Mungu amlipe. Je, karo hiyo ilifika laki moja? Kwa sababu hicho ndicho kiasi cha mshahara wako ambacho tajiri amebaki nacho. Nisemavyo si kumvunjia hisani yake. Ile ya mazishini ilikuwa hisani, na deni lake ni dua na heshima, mtaendelea kuvilipa. Mshahara ni kitu kingine, umeutolea jasho, hauingii kwenye daftari moja na hisani. Na kuhusu ile methali ya punda, mimi huona watu huisema upande mmoja. Katika hadithi yenu, aliyebeba mzigo hadi ghorofa ya nne ni nani?

Kwa sababu ya uhusiano huo, sikushauri uanze ofisi ya leba. Ningekushauri hivyo kama angekuwa mtu baki. Huyu anzeni naye nyumbani, kwa njia ya wazee. Mtafute ami yako au mtu mmoja aliyemjua babako na anayeheshimiwa na tajiri, mpe karatasi yenye hesabu niliyokuandikia, amfikishie. Huenda kweli tajiri hajui. Nimewaona waliorudi kutoka nje wakiamini kila kanuni ya huko inatumika hapa, isipokuwa zile zinazowagharimu. Mpe nafasi ya kurekebisha bila kuaibika: aanze kulipa kima kamili mwezi huu, malimbikizo ayagawe kwa miezi mnayokubaliana, kwa maandishi. Wiki mbili zinatosha. Usiende mwezi wa pili ukisubiri "tutaona".

Akikataa, basi ofisi ya leba ya kaunti, Mombasa ipo, na kupeleka malalamiko hulipii chochote. Afisa wa leba ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kudai rejista za mishahara na kumwita mwajiri. Kulipa chini ya kima ni kosa la jinai, si ugomvi wa watu wawili tu, kwa hivyo matajiri wengi husikiza barua ya leba ikija hata kama hawakuisikiza yako. Isipomalizika hapo, kesi ya mtu wa mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi husikizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kesi za ajira, haina haja kupanda hadi Mahakama ya Ajira yenyewe. Usikae miaka ukifikiria. Madai ya kazi yana ukomo wa miaka mitatu, na kwa dhara linaloendelea ni miezi 12 tu tangu likome, na mawakili wa waajiri hupenda sana kubishania ni ukomo upi unaokuhusu. Ukidai mapema hawana la kubishania.

Utafukuzwa? Yawezekana, siwezi kukuficha. Kisheria, kumwachisha mtu kazi kwa sababu amelalamika ni kumwachisha isivyo haki, na mahakama yaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, juu ya notisi na malimbikizo yako. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Lakini fidia haipiki wali usiku huo, nami naelewa. Ndiyo maana nakusihi uende na mwenzako na bawabu. Kufukuza mmoja ni rahisi. Kufukuza wote watatu Desemba, fleti zimejaa wageni, hilo tajiri yeyote atalifikiria mara mbili.

Kabla ya lolote, kusanya. Ujumbe wote wa M-Pesa tangu Januari, uchukue taarifa kamili ya akaunti usitegemee simu ambayo yaweza kuanguka baharini. Jumbe za WhatsApp ambapo tajiri au msimamizi anakutuma kazi. Daftari la siku na saa zako, anza leo hata kama hukuandika nyuma. Huna mkataba rasmi? Sheria ilimtaka yeye mwajiri aandike masharti ya kazi, na asipoweza kuyatoa mbele ya hakimu, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Chukua na picha ya lile jedwali la pauni akikubali kukuonyesha tena. Afisa wa leba atacheka kidogo, kisha ataliweka kwenye faili.

Na mdogo wako asiende Nyali kesho. Hilo halingoji wazee wala wiki mbili. Mwambie tajiri anajiandaa na shule, ambalo ni kweli.

Ami